Farasi wa Misa ya Mavuno

Kasese, Jumamosi, tarehe 17 Septemba 2022

Masika, mwanangu,

Huu ni mwaka wa ishirini na moja tangu nitoke Butembo, na kesho wewe utaingia huko kwa mara ya kwanza ukitembea kwa miguu yako. Ulipotoka ulikuwa mgongoni mwa mama yako. Sasa ni jioni ya mapema, umekwenda kuwaaga majirani, nyumba imetulia, nami nimekaa kuandika kabla hujarudi na kuniuliza ninaandika nini.

Sitakuandikia juu ya maji ya kuchemsha, wala juu ya karatasi za kuonyesha mpakani, wala saa ya kufunga mlango. Hayo shangazi yako wa Butembo atakuambia kutwa nzima mpaka uchoke. Juu ya ng'ombe pia sina la kukufundisha. Wewe umesomea mifugo, mimi nilifundisha Kifaransa na historia. Ninaandika kwa sababu jana, ulipokuwa unafunga mizigo, uliniuliza swali nami sikulijibu vizuri. Ulisema utanunua mtamba kwenye mnada wa parokia, si mtamba wa kujivunia, wa bei ndogo tu, ili akiba itakayobaki uanzie chumba changu katika parsele yetu, kiwanja chetu cha Vulamba. Kisha ukauliza: "Baba, chumba kikiisha utakuja?" Nikasema tutaona.

Tutaona si jibu. Jibu nitalitoa humu humu, lakini nitaanzia mbali kidogo, kwa mnyama niliyemnunua mimi katika mnada wa parokia hiyo hiyo. Unajua kwamba tulikuwa na farasi. Unajua kama mtu anavyojua kichekesho cha nyumbani kwao: baba alinunua farasi, farasi akaruka barieri, kizuizi cha askari barabarani, ndiyo maana tuko Uganda. Mama yako alipenda kukisimulia hivyo, kwa ufupi, wageni wacheke. Zile sehemu alizoziacha ndizo zinazonihusu, na aliziacha kwa kunihurumia.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ambayo kila baada ya muda tulikuwa tunajifunza herufi mpya za kikundi kipya kilichotutawala. Juu huko, upande wa Lubero, kulikuwa bado na mama mmoja wa Kizungu, mjane, mwenye shamba la ng'ombe na viazi. Askari wa kila upande walikuwa wamekula ng'ombe wake mpaka wakaisha. Walibaki farasi, kwa sababu askari hawakuwahi kukubaliana kama farasi analiwa. Mjane alipoamua kuondoka, farasi hao aliwagawa, na mmoja wao, jike kijana mwenye rangi ya kahawa iliyokaangwa, alimtoa kwa parokia yetu siku ya Misa ya mavuno.

Huyo hakuwa farasi wa kubeba mizigo. Mjane alikuwa akiwafundisha farasi wake kuruka. Alikuwa na uwanja wa majani ambamo alisimamisha vigingi viwili viwili na kulaza mti wa mkaratusi juu yake, na farasi alikuja mbio akaupita juu. Kwao ni mchezo, watu wanakwenda kuutazama kama sisi tunavyokwenda kutazama mpira. Watu wa Butembo waliopeleka chumvi huko juu walikuwa wameona, wakasimulia, na hatukuwaamini.

Mnada wetu wa mavuno wewe hujauona, kwa hiyo hapa soma polepole. Siku hiyo kila familia inaleta matoleo: maharagwe, ndizi, kuku, anayeweza analeta mbuzi. Misa ikiisha watu wanatoka nje, katekista anapanda juu ya benchi, anauza vyote kimoja kimoja kwa sauti kubwa. Anayeshinda analipa, kisha anasema, "Ninarudisha." Kitu kinarudi kwenye benchi, kinauzwa tena. Kuku mmoja aliweza kuuzwa na kurudishwa mara kadhaa kabla hajafika kwenye chungu cha mtu. Hakuna aliyeandika kwamba lazima iwe hivyo. Ila mtu mwenye heshima yake hachukui kitu kikubwa cha altare akakipeleka nyumbani mara ya kwanza kinapotajwa. Anayehitaji mbuzi kweli anasubiri mwisho, joto la watu likishapungua, au anakwenda kumwambia padri kabla ya siku: Padri, yule nitamchukua. Hapo hakuna anayenung'unika.

Nilijua haya yote. Nilikua ndani yake.

Lakini miaka mingi nilikuwa nimefundisha farasi bila kumgusa hata mmoja. Katika kila somo la historia kulikuwa na mfalme juu ya farasi, jeshi juu ya farasi, mjumbe aliyekufa na farasi wake njiani. Watoto waliniuliza farasi analala amesimama au amelala chini, nikawajibu kama kitabu kilivyosema. Kumbe siku hiyo kitabu kilikuja mbele ya kanisa kikiwa kinapumua. Alikuwa na jasho shingoni, na ngozi yake ilitetemeka pale nzi alipotua, pale tu, sehemu nyingine zikabaki zimetulia. Nikaacha kusikia watu.

"Bwana wetu aliingia Yerusalemu juu ya punda ya kuazima," katekista alisema juu ya benchi. "Ninyi batu ba Butembo leo munaletewa farasi muzima. Nani anaongeza?"

Watu walicheka, bei ikaanza kwa mzaha. Baada ya muda tulibaki wawili, mimi na Muzee Katembo, mfanyabiashara wa chumvi na vitenge. Muzee Katembo alikuwa ameketi kwenye kiti alichotoka nacho nyumbani. Hakunitazama hata mara moja. Kila nilipoongeza aliinua kidole kimoja, kama mtu anayefukuza inzi, na bei ikapanda. Mimi mwalimu niliyelipwa na wazazi, pale walipokuwa nacho, nilikiona kidole kile kuwa dharau. Nikaongeza kwa ajili ya kidole, si kwa ajili ya farasi tena. Bei sitaiandika hapa. Ilitosha mabati yote ya nyumba, manjanja kama tunavyoyaita kwetu, ambayo mama yako alikuwa ameyasubiri misimu miwili, huku chumba cha tatu kikiwa na kuta tupu zinazonyeshewa.

Muzee Katembo akaacha. Katekista akaniita jina, akaeleza kwamba farasi ni wa mwalimu, halafu, kalamu mkononi, akangoja neno ambalo kila mtu aliningojea niseme. Mama yako alinisogelea nawe mgongoni, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Masika, sema unarudisha. Batu banangoja."

"Sirudishi," nilimwambia.

"Na manjanja yetu?"

Nikaenda nikashika kamba. Hakuna aliyenizomea. Watu walinipisha njia, na upana wa njia waliyonipa ulitosha lori.

Sasa kuna jambo la ukuta. Yule mjane alikuwapo. Alisimama peke yake karibu na ukuta wa sakristia, amevaa koti la mvua ingawa mvua haikunyesha, na nilipompitia na farasi wake alinitazama kama mtu aliye na la kusema. Ningeweza kusimama. Kifaransa ninacho, na adabu ninayo. Nikamwinamishia kichwa tu, nikapita. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo atajua sijui hata kamba inashikwa upande gani. Wiki hiyo hiyo alipanda ndege akaenda zake.

Ninataka ukumbuke ukuta huo kuliko kitu kingine chochote nitakachosema juu ya kununua. Mtu anayemfahamu mnyama karibu kila mara yupo, amesimama pembeni, na hapendi kupiga kelele. Mwendee. Muulize swali litakaloonyesha hujui. Utaona haya kwa muda mfupi tu.

Kuhusu miguu pia. Nilikuwa nimemtazama farasi shingo, macho, mkia, vile vitu ambavyo wachoraji wanavipenda. Sikuinua mguu hata mmoja. Wewe umefundishwa kuinua, nimekuona ukifanya hivyo kwa mbuzi wa jirani. Lakini umefanya ukiwa na wenzako wa shule. Siku ya mnada kutakuwa na umati, katekista atakuwa na haraka, na mtu fulani atasema kwa sauti kwamba binti wa Uganda anatafuta nini chini ya ng'ombe. Inua yote minne. Na nenda ukamwone siku iliyotangulia, akiwa amefungwa tu mahali, hakuna anayemsifu.

Farasi tulimweka katika kile chumba cha tatu kisicho na paa. Muda wote aliokaa kwetu ulikuwa wa vichekesho, na si vyote vilikuwa vya uchungu. Watoto walimwita Mersedesi ya mwalimu. Wanawake kwenye chemchemi walimwuliza mama yako kila asubuhi: "Mama Masika, umeshalisha farasi ya Mungu leo?" Hivyo ndivyo walivyomwita, farasi ya Mungu, na hakuna neno lingine waliloongeza juu ya siku ile, hawakuhitaji. Majani tulinunua. Katika mji ambao majani yanaota yenyewe kila mahali, kwetu yalikuwa yananunuliwa. Nilimpanda mara moja, kwenye uwanja wa mpira, wanafunzi wakitazama. Nilishuka kabla sijataka kushuka. Mama yako alinipaka dawa mgongoni, kisha akacheka mpaka ukaamka.

Ndipo habari ikafika Beni. Komanda wa huko, mtu aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, alisikia kuwa Butembo kuna farasi, akataka kumpanda siku ya gwaride. Alimtuma askari kwetu, kijana mpole, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala.

"Mwalimu," alisema, "mokonzi anaomba farasi ifike Beni. Anaomba, lakini hapana kuchelewa."

Nikamwambia amchukue basi. Akamtazama farasi, farasi akamwonyesha meno.

"Mimi nilitumwa kuleta habari," alisema. "Hapana kuleta nyama." Kule kwetu mnyama anaitwa nyama tu.

Hivyo nikampeleka mwenyewe, kwa miguu, kwa barabara ya Beni. Yule komanda alijulikana. Dereva mmoja aliyemletea gari lenye kasoro alipigwa mpaka akapoteza jicho, na kasoro hakuifanya yeye. Mama yako alinifungia viazi vitamu na akasema nikimfikisha nimwache hapo hapo na kurudi, nisingoje kushukuriwa. Nilikubaliana naye. Njiani nilijiona mwepesi. Farasi anakwenda, aibu inakwenda naye, na hakuna atakayesema mimi nilimtoa, amechukuliwa na wakubwa. Unaona jinsi akili ya mtu inavyojitengenezea njia.

Kalunguta kulikuwa na barieri: vigingi viwili, na mti wa mkaratusi umelazwa juu yake kukata barabara. Wewe umeshaelewa. Mimi sikuelewa, na nilikuwa natazama moja kwa moja. Farasi aliinua masikio. Kamba ikanitoka mkononi na kunichuna kiganja, alama yake ulikuwa ukiishika ukiwa mdogo. Alikwenda mbio hatua chache, zilizopimwa, akakusanya miguu, akaupita mti ule juu kabisa, pakabaki nafasi ya mtoto kupita kati ya tumbo lake na mti. Upande wa pili akasimama, akaanza kula majani ya kando ya njia.

Wanawake waliokuwa wamepanga foleni na vikapu vya maharagwe walishika vichwa. Askari mmoja ndiye aliyefungua mdomo kwanza.

"Muzee," aliniambia, "farasi yako imepita bila kulipa."

Wakacheka wote, wanawake nao, hata wale waliokuwa wamenyang'anywa kikapu asubuhi ile. Askari wakasema arudi, apite tena, waone vizuri.

Mama yako aliposimulia, farasi aliruka mara moja tu. Ukweli ni kwamba mara ya kwanza aliruka mwenyewe, na zile zilizofuata nilimrudisha mimi. Hakuna aliyenielekezea bunduki, Masika. Waliomba kwa furaha, kama watoto darasani, nami nilikuwa nimeona kwa mara ya kwanza nilichokinunua. Muda wote ule nilikuwa nalisha kitu nisichokijua kazi yake. Sasa kilikuwa kinafanya kazi yake mbele ya macho yangu, mahali ambapo siku zote watu walilia. Wakaupandisha mti. Akapita. Watu wakatoka mashambani na majembe. Wakaupandisha tena. Nilikuwa nikimwambia kila mtu aliyekuwa karibu kwamba huyu ni farasi wa mchezo, kwamba kwao wanalipa kuwatazama, nikitumia maneno ya kitabu. Mama mmoja mwenye shamba hapo kando, Mama Kyakimwa, ndiye aliyeniambia kwa utulivu: "Baba, nyama yako imechoka. Uiache." Nilimsikia. Nikamwambia mara moja tu, ya mwisho.

Ya mwisho aliruka vizuri, akatua vibaya. Alisimama na mguu wa mbele wa kushoto umekunjwa, hataki kuukanyagisha.

Ndipo nikainua mguu. Kwenye ukwato kulikuwa na ufa mrefu wa zamani, umezibwa kwa kitu cheusi, kwa uangalifu, na mtu aliyekuwa na subira. Kazi ya siku nyingi ilikuwa imeachia. Hicho ndicho mjane alichotaka kuniambia pale ukutani: kwamba mguu huu unapona, asiruke kwanza.

Askari wakarudi kwenye barieri yao, wakaanza tena kudai. Mimi nilisimama barabarani na farasi anayechechemea. Nikienda mbele, nitamfikishia komanda kitu kibovu, na nilimfikiria yule dereva. Nikirudi nyuma, wataniandama mpaka Vulamba, na Vulamba kuna wewe na mama yako. Mama Kyakimwa alimchukua farasi akamwingiza kwenye migomba yake bila kuniuliza chochote. Nilimwomba apeleke habari kwa mama yako kwa mtu wa kwanza atakayeshuka Butembo. Kisha nikashika njia za miguu kuelekea ziwa, upande wa Kyavinyonge, nikavuka kuja Uganda. Nilikuwa na viazi vitamu vya mama yako na fimbo. Sikujua kwamba naondoka. Nilidhani najificha.

Sehemu inayobaki nilisimuliwa na mama yako alipofika hapa nawe, baada ya msimu mmoja wa mvua.

Alipopata habari hakwenda kwa padri, wala kwa ndugu zangu. Alikwenda kwa Muzee Katembo. Nilimwuliza kwa nini kwake, mtu wa kidole. Akasema ni kwa sababu ndiye mtu pekee aliyekuwa amemtaka farasi yule zaidi yangu. Muzee Katembo alimsikiliza, akavaa kofia, akaenda Beni mwenyewe na gari lake la chumvi. Huko alimwambia komanda maneno machache tu: kwamba farasi si wa mwalimu, ni wa kanisa, mwalimu alimchunga tu kama mtumishi, na kama mukubwa anataka kudai mguu wa mnyama wa kanisa akamdai padri, hapo mbele ya waumini. Komanda alikuwa Mkristo, na alikuwa na mama aliyekuwa hai. Akaacha. Nyumba yetu haikuguswa.

Jumapili iliyofuata, Misa ilipoisha, Muzee Katembo alisimama nje pale penye benchi, mbele ya watu wote, akasema kwa jina langu: "Mwalimu anairudisha." Katekista akapanda juu ya benchi. Farasi mwenyewe hakuwapo, alikuwa Kalunguta kwenye migomba, wakamuuza hivyo hivyo kwa maneno. Muzee Katembo akamnunua na kumrudisha, akamnunua tena, na mara hiyo akamwachia Mama Kyakimwa, aliyekuwa anamlisha. Kumbe siku ile ya kwanza alikuwa ameinua kidole kwa sababu zahanati ya parokia ilikosa madirisha, naye alitaka bei ipande, ashinde, arudishe. Hakuniona mimi hata kidogo. Alikuwa anatazama madirisha.

Mama yako alinisimulia haya tukiwa tumekaa kwenye mkeka, chumba cha kupanga, wewe ukiwa umelala kati yetu. Alipomaliza alisema, "Basi umesharudisha, Baba Masika. Umechelewa tu." Kisha akalia kidogo, kisha tukaanza kutafuta mahali pa kuweka sufuria.

Farasi alipona nusu. Aliishi Kalunguta miaka kadhaa, akibeba mihogo, akichechemea, na wanasema hakuwahi kuruka tena, hata mfereji aliuzunguka.

Ninarudi kwa mtamba wako. Nenda kwa padri kabla ya siku, mwambie yule nitamchukua, ninamhitaji. Na siku yenyewe, kabla ng'ombe hajaletwa, nunua kitu kidogo, kichane cha ndizi au kuku, na ukirudishe kwa sauti ya kusikika. Watu wa Butembo watakujua kuwa ni binti wa nani. Wasikuone ukiondoka na kamba tu, kama walivyoniona mimi. Mtu akikuongezea bei, usimtazame kidole. Fikiria labda anatazama dirisha.

Lakini hayo ungeyapata hata kwa shangazi yako. Ninachotaka kukuambia mimi ni kidogo zaidi. Mimi nilinunua farasi kwa ajili ya vitabu, kisha kwa ajili ya kidole, na kule Kalunguta nikamrusha kwa ajili ya makofi. Hakuna hata mara moja nilipomtazama yeye. Wewe umekwisha kuanza kununua ng'ombe huyo kwa ajili yangu. Unataka wa bei ndogo ili chumba changu kianze. Mtamba wa bei ndogo una sababu ya bei yake, unaijua sababu hiyo kuliko mimi, na bado uko tayari kuifumbia macho kwa sababu unawaza mzee wako ameketi mlangoni Vulamba akisoma. Nimekuona ukiwaza hivyo. Ni picha nzuri. Hata mimi nimeiwaza, miaka mingi, na najua jua linaingilia upande gani wa chumba kile.

Nitakueleza ilivyo, bila kupamba. Mbau, upande wa Beni, alikozaliwa baba yangu, ndugu tuliobaki nao wamehama kwa kukimbia mauaji, mashamba yamefunikwa na magugu, na waliozikwa wamezikwa. Muzee Katembo amekufa, na sikumshukuru kwa mdomo wangu. Nilimwandikia tu, akanijibu kwa kunitumia kitenge kwa ajili ya mama yako. Katekista amekufa. Waliokuwa wanafunzi wangu ni watu wazima wenye wanafunzi wao nyumbani. Nikija nitakuwa mgeni wa kuelekezwa njia katika mji niliokuwa nikiwaelekeza wengine. Hapa ninaelekeza. Hapa kuna watoto wanne wanaokuja alasiri kusoma Kifaransa barazani, na wawili wanaanza kuelewa. Na mama yako yuko hapa, pale juu ya kilima nyuma ya kanisa, na Jumapili mimi ndiye ninayeng'oa majani. Si kwamba ninaogopa barabara, ingawa barabara ni mbaya. Si kwamba ninaona haya, ingawa niliona haya muda mrefu. Nilipokuwa na haya nilitaka kurudi sana. Yalipoisha, hamu ikapungua nayo, na hilo sikulitarajia.

Kwa hiyo usigawanye akiba yako. Nunua mtamba mzuri, yule utakayemtaka ukiwa umekwisha kumwinua miguu na kuzungumza na mtu aliyesimama ukutani. Zile kuta za chumba cha tatu, shangazi yako anasema bado zimesimama mpaka usawa wa kiuno. Zisafishe, uzipandishe, uweke mabati ambayo mama yako hakuyapata, umweke ng'ombe humo. Sakafu yake imeshazoea kwato.

Nitakuja kukusindikiza kesho mpaka kituo cha magari, nitabeba begi dogo, na tutaongea mambo ya kawaida, kwa sababu barua hii utaisoma ukiwa umefika. Usiniulize tena utakapopiga simu, na usimwambie shangazi yako aniulize.

Chumba usinijengee. Mimi sitarudi Butembo.

Baba yako